Naomba ushauri: mpwa wangu amejifungia moyoni, nimfikieje?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina mpwa wangu wa kiume, miaka 15, naishi naye tangu mwaka jana. Zamani alikuwa mwongeaji hadi unamwomba apumzike. Sasa hivi ni "poa", "sijui", "hamna kitu", kisha mlango unafungwa.

Najua umri huu una mambo yake. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu, na hata usingizi huchelewa kuja, ndiyo maana anakesha. Hilo nimelikubali. Kinachoniumiza ni jinsi nilivyomjibu. Juzi usiku tulikuwa tunakunja nguo, akasema bila kuniangalia, "Mjomba, siku hizi naona sina rafiki." Nikakimbilia mawaidha: jichanganye na wenzako, punguza simu. Akalikunja shati lile lile mara mbili, akaliweka, akaondoka. Laiti ningenyamaza nikamsikiliza!

Nimegundua anafunguka zaidi tukiwa bega kwa bega kwenye kazi fulani kuliko nikimkalisha chini tutazamane. Lakini lile la marafiki hajaligusa tena.

Mliolea vijana, naombeni mnisaidie: niliibue mwenyewe na kumwomba radhi, au nisubiri? Na nitajuaje kwamba huu si ukimya wa umri tu, bali huzuni inayohitaji mshauri nasaha? Anakula vizuri, shule anaenda, ila mpira ameuacha kabisa, na aliupenda mno.