Ra ya shafti kwa kamera: kipande kile kile, majibu mawili

mchongaji40
Wakuu, tunachonga shafti za chuma laini, kipenyo mm 40, mchoro unadai Ra 1.6 (wastani wa ukwaru wa uso, kwa maikroni). Fidi (mwendo wa kisu) ni mm 0.2 kwa mzunguko, ncha ya kisu ina radiasi ya mm 0.8. Kupitisha sindano ya kupimia ukwaru kila kipande kunachelewesha kazi, kwa hiyo tumefunga kamera yenye lenzi ya karibu (pikseli moja ni maikroni 8) na taa ya duara kuzunguka lenzi. Programu inatoa Ga, yaani wastani wa tofauti za weusi na weupe, kisha tunaigeuza kuwa Ra. Kipande ambacho sindano inasema 1.6, kamera inakipa 1.2 asubuhi na 2.3 mchana. Kosa liko wapi?

jicho_la_karakana
Asubuhi na mchana? Jua la dirishani hilo. Funika sehemu ya kupigia kwa boksi jeusi, na uzime kila kinachojirekebisha chenyewe: mwangaza, rangi, fokasi.

Taa ya duara nayo ing'oe. Inamulika matuta kutoka pande zote, mifereji inapotea. Tumia taa moja ya LED iliyolala nyuzi 15 juu ya uso, imulike kwa kufuata urefu wa shafti ili mwanga ukate mifereji. Kwa fidi na radiasi yako mteremko wa tuta hauzidi nyuzi 7, kwa hiyo kivuli cha kweli hakipo. Kuna upande unaong'aa na upande uliofifia, tofauti yao karibu mara 2.7. Taa ikipanda hadi nyuzi 45, tofauti inabaki mara 1.3 tu. Ndiyo maana mkono wa taa ukazwe kwa skrubu, usishikwe kwa mkono.

Pikseli zikigonga 255 (weupe wa mwisho) punguza muda wa kupiga. Futa mafuta ya kupozea kwa asetoni, maana yanajaza mifereji. Na chukua ukanda wa mm 1 tu kwenye mgongo wa shafti; zaidi ya hapo uso umeshageuka.

mchongaji40
Sawa mkuu. Je, tukibadili insati (kipande cha kisu kinachobadilishwa) ya radiasi 0.8 tuweke ya 0.4, jedwali la Ga kwenda Ra linabaki lile lile?

sindano2um
Halibaki. Kamera inaona mteremko, haioni kimo. Ra ya kinadharia ni fidi kipeo cha pili, gawanya kwa mara 32 ya radiasi: 0.2 na 0.8 inakupa maikroni 1.56. Ukiweka 0.4 na fidi 0.141, Ra ni ile ile 1.56, lakini mteremko umepanda kutoka nyuzi 7 hadi 10. Ga itapanda, na utakataa vipande vizuri.

Kila radiasi na kila aina ya chuma iwe na jedwali lake. Chonga vipande vya fidi 0.1, 0.15, 0.2 na 0.25, pima kila kimoja kwa sindano sehemu tatu kuzunguka, urefu mm 4, kichujio cha mm 0.8, ndipo uchore mstari. Usitegemee fomula kwenye fidi ndogo: chuma laini hugandia kwenye ncha ya kisu, na Ra halisi hupita ile ya hesabu.

jicho_la_karakana
Niongeze: piga Fourier (hesabu inayoonyesha mifereji inajirudia kila umbali gani) kwenye ukanda huo wa mm 1. Kilele kikae kwenye pikseli 25, yaani mm 0.2. Kikihama, ama kipimo cha lenzi kimebadilika ama fidi si ile uliyoweka.

sindano2um
Na kama kuna sehemu ya kukalia sili ya mafuta (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje), Ra pekee haitoshi. Huko hutakiwa 0.2 hadi 0.8, na isiwe na mifereji ya mzunguko kama uzi wa skrubu, kwani shafti ikizunguka inasukuma mafuta nje. Sindano itasema 0.6, safi kabisa, na sili itavuja. Mifereji hiyo kamera huiona haraka.