Masta ya ustawi wa jamii: Kijitonyama, Chuo Huria au nje? Na chumba cha bei ya kawaida napata wapi

binti_wa_katikati
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Mimi ni afisa ustawi halmashauri moja huku kanda ya kati, digrii nilisoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar, mwaka wa tano kazini sasa na kesi za matunzo ya watoto zimenikomaza, nataka nirudi shule nipige masta. Nimekwama kati ya kurudi palepale Ustawi Kijitonyama nisome muda wote, kusoma Chuo Huria nikiwa hukuhuku, au kujaribu bahati nje, mmoja kanitajia Gothenburg kule Sweden mwingine anasema Marekani ndio penyewe. Bosi kasema ruhusa ya masomo nitapewa ila hela ya ada nisiihesabu. Mshahara wenyewe Bodi ya Mikopo wanakata 15% ya msingi kila mwezi, deni la digrii halijaisha na mimi naongeza shule nyingine 😅

Ada hainitishi sana, ipo kwenye tovuti ya chuo unaiona na kwa awamu unalipa. Mtihani ni pa kulala, nimetoka Dar zamani nasikia vyumba vimepanda. Mwenye uzoefu anipe mchanganuo, nakuja na daftari.

mzee_wa_shekilango
Marahaba binti. Hapo kwa kulala ndipo watu wanapoangukia, wanajipanga na ada wakifika stendi wanaulizana chumba.

Chumba kimoja cha kawaida Sinza au Kijitonyama, choo cha kushea, mimi mwaka jana nimempangishia mdogo wangu laki moja kwa mwezi. Ukisikia laki unaona si mbaya, kumbe mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, hiyo ni laki sita, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, ishakuwa laki saba na hujanunua godoro. Bado elfu tano elfu kumi za dalali za kuonyeshwa vyumba ambavyo vingine vilishapangishwa wiki iliyopita, anakuzungusha tu apate hela ya soda. Chumba cha master, chenye choo ndani, usiulize, utalia.

Halafu uliza LUKU, mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia. Mdogo wangu aliwekwa mita moja na fundi wa kuchomelea, mwezi wa kwanza tu wakagombana hadi kwa mjumbe.

chuma_ulete
Dada soma Huria, chumba unacho tayari 😂😂 mada ifungwe

kalamu_ya_usiku
Huyo hapo juu anacheka ila kasema kweli. Nimemaliza masta ya ustawi Chuo Huria nikiwa kazini, sikuhama hata kijiko. Chuo kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa aina yetu, makao makuu Kinondoni ila vituo vipo mikoani, mitihani nilifanyia mkoani kwangu na kurudi nyumbani kula ugali wangu.

Sasa nikwambie na upande wa pili usije ukanilaumu. Hakuna mtu wa kukuamsha. Mhadhara ni wewe na laptopu saa nne usiku mtoto wa watu kalala, wewe unasoma nadharia na kesho saa mbili una kesi ya ubakaji polisi. Kozi nilizimaliza vizuri, kwenye tasnifu nikakaa kama gari lililokwama tope, sababu ni mimi mwenyewe, kila wiki nasema jumamosi nitaandika na jumamosi kuna kikao cha harusi. Ukienda njia hiyo tafuta wenzio wawili watatu wa mkoa huohuo mkutane, hata chini ya mwembe.

mama_fildi
Binti kabla ya vyumba kuna swali hujauliza. Fildi, yale mafunzo ya vitendo, utafanyia wapi? Nimesimamia wanafunzi miaka mingi, hiki ndicho kinachomaliza hela za watu. Ukisoma Dar unaweza kupangwa ustawi wa jamii pale Muhimbili, au Mahakama ya Watoto Kisutu, au mahabusu ya watoto Upanga, au Makao ya Watoto Kurasini. Sasa wewe umepanga Mbezi kwa sababu ni elfu hamsini, fildi Kurasini, unaamka saa kumi alfajiri, daladala mbili na bajaji, ile hamsini uliyookoa kwenye kodi unaimwaga barabarani na mtoto unayemhudumia anakukuta umeshachoka. Chora kwanza chuo, fildi na kitanda, halafu ndio uongee na dalali.

Na nina swali la kazi yetu. Umesema "pa kulala" na hujasema unalala na nani. Mteja hajafunguka 🙂

binti_wa_katikati
Mama umenikamata 🙈 nina mtoto wa miaka minne. Bibi yake yupo, anaweza kubaki naye, ila miaka miwili ni mingi, na mimi ndiye ninayewaambia wazazi wengine mtoto akae na mzazi wake, sasa nikimuacha nitaongea kwa mdomo gani.

mama_fildi
Basi hosteli futa. Za chuo na hizi za watu binafsi nyingi ni vitanda vya deka watu wanne hadi sita, mtoto haruhusiwi. Wewe unatafuta chumba na sebule au vyumba viwili vya uswahilini vyenye uzio, na jirani mama wa makamo. Huyo jirani ana thamani kuliko tailizi.

korido_ya_kaskazini
Mimi nipo Gothenburg, mwaka wa pili, masta ya ustawi wa jamii na haki za binadamu, kwa Kiingereza. Nitajibu kwa urefu maana watu wanauliza sana inboksi.

Sisi wa nje ya Ulaya tunalipa ada na ni nzito, bila skolashipu usije, nasema kavu kabisa. Maombi yanapita universityadmissions.se, ada ya maombi kronor 900 (hela ya Sweden), dirisha linafunguka Oktoba linafungwa katikati ya Januari. Kuna skolashipu ya Swedish Institute, shirika la serikali ya Sweden, wanataka uwe umefanya kazi saa 3,000, wewe wa miaka mitano umezipita mbali, saa 40 kwa wiki unazifikisha kwa mwaka mmoja na nusu tu. Wengi wa nyumbani wanafeli hapo kwa kuandika barua za kazi kihuni, saa hazionekani, mhuri hauonekani. Njia nyingine ni Erasmus Mundus, masta za pamoja za vyuo kadhaa kwa hela ya Umoja wa Ulaya, ile ya ustawi na familia na watoto (MFAMILY) ilianza Lisbon, Gothenburg, Stavanger na Makerere wakiwa washirika, skolashipu za Erasmus Mundus ni euro 1,400 kwa mwezi na kodi unalipa humohumo, ulizia mwaka huu wanapokea au la.

Kulala. Huku hakuna dalali, kuna foleni. SGS ndio wenye nyumba za wanafunzi, unajiandikisha na siku zinahesabiwa, mwenye siku nyingi anachagua kwanza. Mimi nilijiandikisha siku ileile nilipotuma maombi ya chuo, kabla sijajua kama nitapata, na ndio akili pekee niliyofanya mwaka ule. Wenzangu waliosubiri barua ya udahili walifika Agosti wakaanza kulala kwa mtu wiki mbili wiki tatu. Na jihadhari na matangazo ya Facebook, mtu anakutumia picha za jiko linang'aa anataka diposti kabla hujaona mlango, jamaa yangu mmoja alipigwa hivyo.

Nakaa korido, chumba na bafu langu, jiko tunashea watu wanane, Mchina anapika saa sita usiku, mimi nikikaanga dagaa wanafungua madirisha yote na nje ni barafu 😂

wa_pwani_chicago
Hamjambo, mimi ni wa Mombasa lakini niko Chicago, nilimaliza MSW, yaani masta ya ustawi wa jamii, hapa. Dada wa katikati, mnakotoka nyinyi na Chicago mna historia, ile mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa vijijini Kijitonyama walifanya pamoja na Jane Addams College, chuo cha ustawi cha University of Illinois ya hapa, kwa hivyo jina si geni. Usidhani hiyo inakupunguzia ada lakini.

Marekani sikiza vizuri. Programu ikiwa imeidhinishwa na CSWE, baraza la elimu ya ustawi wa jamii la huku, lazima ufanye fildi saa 900 angalau, na nyingi hazilipwi. Zigawanye kwa miaka miwili, ni kama siku mbili tatu za wiki unafanya kazi bure. Na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, inakuruhusu kazi ya ndani ya chuo saa 20 kwa wiki basi, kuosha vyombo kantini ama kukaa dawati la maktaba. Kuna ile ya kuruka mwaka kwa wenye digrii ya ustawi, lakini ni digrii iliyoidhinishwa na haohao CSWE ama waliyoikubali kuwa sawa, kwa hivyo ya nyumbani inapelekwa kukaguliwa kwanza, ulipe.

Keja, yaani nyumba, nayo hawaulizi miezi sita, wanauliza historia ya mkopo. Wewe umeshuka ndege jana, utaitoa wapi? Ama ulete mdhamini anayeishi hapa. Mimi nilisainiwa na mjomba wa rafiki yangu, mzee wa Kikuyu wa kanisa, hata sikuwa namjua. Niliingia Rogers Park na wasichana wawili, jengo la zamani hita iko ndani ya kodi, na hilo uliza kabla ya kila kitu kwa sababu bili ya Januari inaweza kukutoa machozi. Na mtoto kwa F-2, viza ya familia ya mwanafunzi, wakati wangu alikuwa anakuja, shule akifika umri ni bure, lakini kabla ya hapo malezi ya mchana ni pesa kushinda nyumba.

chuma_ulete
Kumbe Huria ilikuwa jibu tangu mwanzo, mnajichosha vidole

mzee_wa_shekilango
Chuma acha utani, kuna kitu mtu anapata akikaa darasani na maafisa wa Temeke, watu wa mashirika na wa magereza wanabishana kesi ana kwa ana. Huyu binti amekaa wilayani peke yake miaka mitano.

kalamu_ya_usiku
Mzee hapo nakupa. Nilichokikosa mimi ni hicho.

binti_wa_katikati
Asanteni sana, nimekaa na kalamu usiku mzima. Marekani nimeifuta, saa 900 za bure na mtoto wa chekechea siwezi. Sweden nitaomba dirisha la Oktoba, kronor 900 nitazitafuta, na foleni ya nyumba nimejiandikisha jana usiku 😁 kupata au kukosa ni Mungu. Hesabu ya kweli ni Kijitonyama na Huria. Nimepiga kodi ya vyumba viwili, miezi sita, dalali, shule ya mtoto, nauli, mwaka wa kwanza Dar kulala na kutembea kunaipita ada, nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Kwa hiyo nikikosa Sweden kuna wazo: nianze Huria hapa, wakati wa kukusanya data niombe likizo nije Dar miezi mitatu na mtoto, nikae karibu na Kisutu maana mada yangu ni watoto wanaokinzana na sheria. Miezi mitatu nani atanipangisha bila kunidai sita?

mama_fildi
Hapo umeongea kama afisa. Mwenye nyumba wa kawaida hatakubali, usimpigie magoti. Tafuta aliyepanga vyumba viwili anayetaka wa kushea, au mjane mwenye chumba kimebaki wazi, hao wanachukua kwa mwezi. Muandikishane hata kwenye karatasi ya daftari, shahidi mjumbe, vinginevyo mwezi wa pili utasikia shemeji yake anakuja.

mzee_wa_shekilango
Mdogo wangu huyohuyo wa mita ya fundi kahamia Magomeni, mwendokasi ipo karibu hadi mjini, Kisutu unafika asubuhi bila kusukumana sana. Ana chumba cha pili anakitumia kuwekea masanduku. Ni mwalimu wa chekechea, watoto hawamsumbui. Nicheki inboksi mwezi mmoja kabla, ila njoo na ndoo zako, maji pale yanatoka siku mbili kwa wiki.

binti_wa_katikati
Mzee ndoo ninazo tatu na pipa. Nakuja inboksi sasa hivi.