Kikundi cha Familia Kadutu, Bukavu: habari za Mama Neema

*Siku ya Mungu (Jumapili), jioni*

Neema: Jambo familia. Tumefika Kigali. Makona ya msitu wa Nyungwe yametutesa, mama ametapika mara tatu. Operesheni ya kichwa ni Jumatano asubuhi. Dokta ametuonyesha picha za skane: uvimbe uko upande wa kushoto, juu ya sikio, ukubwa kama yai la kuku. Unaitwa meninjioma.

Shangazi Noëlla: Yai ya kuku??? Mungu wangu 😭

Mujomba Bahati: Mimi nilisema toka mwanzo. Ile ni karuho, ile sumu watu wanawekeana. Mutu haanguke tu hivi katikati ya soko ya Kadutu.

Yaya Furaha: Mujomba, hata mimi mulisema karuho. Tukauza mbuzi mbili kumulipa muganga, na uvimbe ukaendelea kukua pole pole. Meninjioma inatoka kwenye ngozi nyembamba inayofunika ubongo, ndani ya fuvu. Inaweza kukaa miaka na miaka bila mtu kujua, na kwa wengi si kansa. Lakini kichwa hakitanuki kama tumbo. Nafasi ikiisha inafinya ubongo, njo maana mtu anaanguka kifafa.

Shangazi Noëlla: Kwani hawawezi kumupa vidonge tu?

Yaya Furaha: Vidonge haviyeyushi ile kitu, shangazi.

Papa Neema: Furaha, wewe umepita kule. Niambie ukweli. Wanafungua kichwa namna gani?

Yaya Furaha: Baba mudogo, nitakuambia vile nilivyoambiwa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelazwa sijui kitu. Wanakata ngozi, wanatoa kipande cha mfupa kama kifuniko cha sufuria, wanatoa uvimbe, kisha wanarudisha kifuniko palepale na kukibana na visahani vidogo vya titani. Vyangu viko humu mpaka leo. Ya kwangu ilichukua saa sita. Ikizidi pale musianze kulia. Wakifika karibu na mishipa wanaenda taratibu sana, na ni vizuri waende hivyo.

Neema: Mama haogopi kisu. Analilia misuko yake.

Yaya Furaha: 😂 Mwambie mimi walinyoa njia moja tu, kama njia ya siafu. Aulize dokta, kila mmoja ana namna yake.

Zawadi L'shi: Shikamoo wote kutoka Lubumbashi. Neema, waulize saa ngapi aache kula na saa ngapi aache kunywa maji, ni saa mbili tofauti. Na uwaambie dawa ZOTE anazomeza, hata za majani ambazo mama yangu alimpa.

Shangazi Noëlla: Zawadi!

Zawadi L'shi: Mama, wacha waambiwe. Kuna majani yanayozuia damu kuganda.

*Siku ya pili yake*

Shangazi Noëlla: Nimeongea na mwenye viti. Siku Mama Neema anarudi tunafanya kesha kwa nyumba. Kwaya itakuja, bamama wa parokia batakuja. Kila mutu akotize dola tano.

Yaya Furaha: Shangazi, hapana.

Shangazi Noëlla: Hapana gani? Mutu atoke kwa kifo, tumupokee kimya kama mwizi?

Yaya Furaha: Nisomeni mpaka mwisho tafadhali, mega zangu ni kidogo.

Yaya Furaha: Siku nilirudi, nyumba ilijaa watu arobaini. Kila mmoja ananishika mkono: umepona, umepona! Kelele ilikuwa inaingia kichwani kama misumari. Nilienda chooni nikajifungia, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kitambaa kwenye macho, mpaka Mama Aline akaja kugonga akidhani nimekufa humo ndani.

Yaya Furaha: Hospitali si kitu. Hospitali ni wiki moja, watu wanakuhudumia. Kazi inaanza nyumbani. Ule uchovu si kama wa kulima. Unaoga, kisha unalala masaa mawili kwa sababu umeoga. Ilikwenda hivyo karibu miezi mitatu. Na kwa sababu kidonda kimefichwa na kitambaa, watu wanaanza kusema unavivia.

Mujomba Bahati: Hiyo ya kuvivia ni mimi nilisema. Unisamehe.

Yaya Furaha: Najua ni wewe mujomba 😄

Papa Neema: Kesha hakuna. Noëlla, rudisha viti.

Shangazi Noëlla: Sawa kaka. Lakini kwaya nitawaambia nini?

Papa Neema: Waimbe kanisani.

Zawadi L'shi: Baba, kitu kingine. Atapewa deksametazone, ya kupunguza maji yanayovimbisha ubongo. Ile dawa inaleta njaa ya ajabu, inafukuza usingizi, inapandisha sukari, na inaweza kumpa hasira ambayo si yake. Musikasirike naye. Na asiiache ghafla kwa sababu anajisikia vizuri: inapunguzwa kidogo kidogo vile dokta ameandika. Ya kifafa nayo asiruke hata siku moja.

Espoir: Na akianguka tena? Kule sokoni walimwingiza kijiko mdomoni.

Zawadi L'shi: Kijiko kamwe! Kinavunja meno tu. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Zikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajapata akili, hospitali mbio.

*Jumatano*

Neema: Ameingia saa mbili.

Shangazi Noëlla: 🙏🙏🙏

Papa Neema: Saa saba. Kuna habari?

Neema: Bado papa.

Papa Neema: Saa nane.

Yaya Furaha: Baba mudogo, umekula?

Neema: AMETOKA. Saa tisa na nusu. Dokta amesema wametoa karibu yote, kipande kidogo wamekiacha kwa sababu kimeshikana na mshipa. Watakichunga kwa picha. Nyama imepelekwa laboratware, majibu wiki moja ao mbili. Yuko reanimasio, chumba cha wagonjwa mahututi. Amefungua macho, amesema jina lake, ameuliza nani anauza samaki sambaza mahali pake.

Mujomba Bahati: Ni yeye! Haleluya 😭😭

Yaya Furaha: Leo usiku kila saa watamuamsha. Jina lako nani, uko wapi, finya mkono wangu, na tochi kwenye macho. Mimi nilimutukana infirmye (muuguzi) usiku wote. Neema usishituke. Na kesho kutwa jicho la kushoto litavimba mpaka lifunge, jeusi kama amepigwa. Usipige picha ukatutumia.

Shangazi Noëlla: Asitume kabisa.

*Siku ya posho (Jumamosi)*

Mujomba Bahati: Nimepiga simu. Ameniita KIBERITI. Mara mbili. Dada yangu hanijui tena!

Neema: Anakujua mujomba. Ulipokata simu alisema, "Yule kaka yangu mwenye makelele." Jina tu ndilo linapotea.

Zawadi L'shi: Maneno yanakaa upande wa kushoto, palepale walipofanyia kazi. Ubongo umevimba, na kuvimba kule kukishuka mara nyingi maneno yanarudi, siku au wiki. Dokta anajua?

Neema: Anajua. Kila asubuhi anamuonyesha kalamu, saa, ufunguo.

Yaya Furaha: Mimi kijiko nilikiita ufunguo wiki tatu. Watoto walikuwa wananiletea ufunguo nile nao supu. Mumpe muda amalize, musimalizie maneno.

Zawadi L'shi: Neema, hata mukishatoka hospitali: homa, shingo kukakamaa, maji yasiyo na rangi kutoka kwenye kidonda ao puani, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi mzito usio wa kawaida, maneno kuharibika zaidi ya leo, ao mguu mmoja kuvimba. Moja tu kati ya hivyo, usiulize kikundi. Rudi kwa dokta.

Papa Neema: Nimeandika kwenye karatasi, nimebandika ukutani.

Neema: Anasikia pia kitu kinalia "tik" kichwani akigeuka.

Yaya Furaha: Ni mfupa unaunga. Yangu ililia tik mpaka Noeli. Amwambie tu dokta.

Espoir: Anarudi lini?

Neema: Wanatoa pini za kidonda wiki ijayo. Tutakaa hapa mpaka dokta akubali tupite Nyungwe. Na miezi mitatu baadaye, skane ingine.

*Siku ya Mungu*

Mama Neema: jambo

Shangazi Noëlla: 😭😭😭😭

Yaya Furaha: Musiandike wote kwa mara moja!!!

Mama Neema: chakula ya hapa haina ladha. nikifika mupike sabuni

Mujomba Bahati: Sabuni??

Mama Neema: ile ya kupondwa. na mawese

Papa Neema: Nimesikia, mama. Sombe, majani ya muhogo.

Mama Neema: ndiyo ile. na kiberiti asikuye na makelele

Mujomba Bahati: Nitakuya na viatu mkononi.

Shangazi Noëlla: Mimi nitaponda. Furaha, chumvi anaruhusiwa?