Trela la farasi wanne: nianze na trela au na gari la kulivuta?

MwendoWaKwato

Habari zenu wakuu. Natafuta trela la kubeba farasi wanne kwa mpigo. Kuna dume wa kilo 620, urefu sentimita 168 begani. Majike wawili wa kilo 500 kila mmoja. Na kijana wa miaka mitatu, kilo 430, ambaye hajazoea kupakiwa. Safari ni za saa mbili hadi tano, lami kwa sehemu kubwa, na kipande cha vumbi chenye mashimo.

Lililopo sokoni ni trela lililotumika, umri miaka 11, vizimba vinne vya mshazari, bodi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Muuzaji anasema likiwa tupu lina kilo 2,300. Nyuma lina kabati la matandiko na rampu.

Naomba mawazo kuhusu haya: mshazari au kunyooka? Alumini au chuma? Rampu au kidato (farasi apande hatua moja bila rampu)? Na pikapu ya kabini mbili ambayo kitabu chake kinasema inavuta hadi kilo 3,500 itatosha?

FundiEkseli

Swali lako la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza, maana likikosewa hayo mengine hayana kazi. Hebu tupige hesabu.

Farasi wanne ni kilo 2,050. Trela tupu 2,300. Mikeka ya mpira ya unene wa milimita 19 ina kama kilo 21 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo sakafu ya mita 5 kwa 2 inakula kilo 210, na mara nyingi haimo kwenye huo "uzito mtupu" anaokutajia muuzaji. Maji lita 100, marobota manne ya nyasi kavu kilo 80, matandiko kilo 40. Jumla kilo 4,780. Pikapu yako imepitwa kwa zaidi ya tani moja na robo.

Hata 3,500 yenyewe usiiamini ikiwa peke yake. Tafuta namba nyingine tatu kwenye kibati cha gari: uzito wa gari na trela kwa pamoja, uzito ambao gololi ya kuvutia (tufe la chuma la gari ambalo trela hufungwa juu yake) inaruhusiwa kushushiwa, na uwezo wa gari kubeba. Mfano: ikiwa uzito wa pamoja ni kilo 6,000 na trela lina 3,500, gari linabakiwa na 2,500. Pikapu ya kilo 2,200 ikishajazwa dereva, abiria wawili na mizigo ya kabini, hizo 300 zinaisha. Watu husoma ile namba kubwa tu, kisha wanashangaa giaboksi inapochemka mlimani.

Kuna namba nyingine inayosahaulika: uzito wa puani. Trela linalofungwa nyuma ya bampa linatakiwa kushusha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote kwenye gololi. Lile la shingo ndefu, linalofungwa ndani ya bodi ya pikapu juu ya ekseli ya nyuma, hushusha asilimia 15 hadi 25. Kwa kilo 4,780, ukichukua asilimia 20, ni kilo 956 zinazokaa mgongoni mwa gari kabla hujaingia wewe. Uzito wa puani ukiwa mdogo mno, trela linaanza kutikisa mkia kwenye mwendo. Ukizidi, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele hazishiki vizuri.

Kwa hiyo una njia tatu. Pikapu nzito ya daraja la tani moja pamoja na trela la shingo, ndiyo ninayoipendelea kwa farasi wanne, kwa sababu mzigo unakaa juu ya ekseli na kuyumba kunapungua sana. Au lori lenye bodi ya farasi, uachane kabisa na kuvuta. Au ubaki na pikapu yako na trela jepesi la farasi wawili, uende mara mbili. Ukitaka kubeba watatu kwa mpigo, wale wepesi (kilo 1,430) kwenye trela la farasi watatu la kilo 1,600 na vifaa vya 300 wanafika 3,330. Inaingia, lakini kwa kubana, na dume abaki nyumbani.

Kwenye trela lenyewe: 4,780 ukitoa 956 za puani, ekseli zinabaki na kilo 3,824. Ukigawa kwa matairi manne ni 956 kila moja, na farasi hawasimami sawasawa, kwa hiyo tafuta matairi yaliyoandikwa uwezo wa kilo 1,150 au zaidi, na ekseli mbili za kilo 2,500 kila moja. Breki ziwe kwenye ekseli zote mbili. Chagua za umeme zenye kidhibiti ndani ya gari, si zile zinazobana trela linaposukuma gari. Sababu ni hii: trela likianza kuyumba unatoa mguu kwenye mafuta, hugusi pedali ya breki, unabonyeza breki ya trela peke yake kwa mkono, na linanyooka. Kwa breki za kusukumwa huna mkono huo.

BanioLaZizi

Fundi kamaliza ya chini, niongeze ya ndani.

Dume wa sentimita 168 anahitaji dari ya mita 2.3. Ile ya 2.1 inawafaa majike wako, lakini yeye atasafiri akiwa ameinamisha shingo, na akishtuka atagonga utosi. Upana wa ndani ndio unaoamua urefu wa kizimba cha mshazari: trela la mita 1.8 ni fupi kwa farasi mkubwa, matako yanabanwa ukutani na pua inabanwa upande wa pili. Tafuta mita 2 au zaidi. Nafasi kati ya kigawanyo na kigawanyo iwe mita moja au zaidi kidogo.

Vigawanyo vinavyofika sakafuni vinaonekana salama kumbe vinamnyima farasi nafasi ya kutanua miguu. Kila kona anajishikiza kwa kutanua. Akikosa pa kuweka kwato anaanza kukwaruza ukuta na kupanda juu. Vinavyoishia usawa wa tumbo ni bora, isipokuwa kizimba cha dume, ambacho kiwe na ukuta mzima wa juu hadi chini, ukiwa na matundu ya hewa upande wa kichwa. Wapo wanaompaka dume mafuta ya mkaratusi puani ili asinuse majike. Inasaidia kidogo, haichukui nafasi ya ukuta.

Hewa ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Farasi wanne wanatoa joto jingi, na mkojo unatoa amonia inayowasha mapafu. Kila kizimba kiwe na dirisha pande zote mbili, la kichwani na la mkiani, pamoja na tundu la dari linaloweza kugeuzwa kutazama mbele au nyuma. Madirisha yawe na nondo. Kichwa kisitoke nje hata dakika moja barabarani. Kokoto moja inatosha kumaliza jicho.

Kamba ya kichwa iwe ndefu ya kutosha farasi kushusha pua chini ya kifua. Akisafiri saa nyingi kichwa juu, vumbi na kamasi haviwezi kutoka kwenye koo la hewa, na siku mbili tatu baadaye unapata homa ya mapafu. Kwa safari zako za saa tano simama kila baada ya saa tatu au nne, uzime gari, uwape maji na nafasi ya kuinamisha vichwa.

Rampu au kidato? Rampu ni nzuri kwa mgeni kama kijana wako, mradi isiwe na mteremko mkali, isilie kama ngoma, na iwe na mpira wenye mistari ya kuzuia kuteleza. Ila ni nzito, na springi zake zikichoka mtu mmoja haiinui. Kidato hakiharibiki, lakini mguu wa nyuma unaweza kuchomoka na kuingia chini ya trela wakati farasi anarudi kinyumenyume.

TandikoJeupe

Sikubaliani na mshazari kwa kundi hili. Kosa lake ni moja na ni kubwa: wa mbele hatoki mpaka wote wa nyuma yake watoke. Dume ndiye mzito, kwa hiyo anakaa mbele kabisa. Akianguka huko, unashusha farasi watatu kando ya barabara kwanza. Ukilichukua, hakikisha kuna mlango wa dharura pembeni, kwenye kizimba cha kwanza, mpana wa kupita farasi na si wa kupita mtu tu.

Na hilo kabati la matandiko la nyuma ling'oe au lifanye la kukunjika. Linapunguza mlango karibu nusu. Farasi asiyezoea anaona shimo jeusi, anagoma, na mnaanza kupigana naye. Matandiko yakae mbele.

Kama majike na kijana wanaelewana, trela la mifugo lenye lango la katikati na bila vizimba ni jepesi, lina hewa tele, na wengi wakiachwa huru humo husimama mshazari au kutazama nyuma wenyewe. Dume mbele ya lango, watatu nyuma. Si zuri kwa macho, lakini farasi hajali rangi.

MwendoWaKwato

Asanteni sana. Pikapu nimeifuta kwenye hesabu, nitatafuta nzito zaidi. Sasa hilo trela la miaka 11, nikienda kulikagua nianzie wapi? Muuzaji anasisitiza kwamba alumini haiozi.

FundiEkseli

Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini mkojo unaila. Inageuka unga mweupe, kisha vishimo, kisha inakuwa nyembamba kama kopo. Pale alumini inapogusana na fremu ya chuma kukiwa na unyevu, ulaji unaongezeka, kwa hiyo kati yake panatakiwa kuwe na mpira au plastiki ya kutenganisha.

Anza na mikeka. Ing'oe yote, asiyetaka uing'oe ana sababu yake. Sakafu ya mbao ichome kwa bisibisi kila sentimita 20, hasa kwenye kingo na kati ya mbao: ikizama kirahisi, mbao zimeoza. Majike hukojolea nyuma ya kizimba, madume katikati, kwa hiyo kagua pote pawili. Kisha lala chini ya trela ugonge mihimili inayobeba sakafu kwa nyundo. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa. Angalia hasa maungio ya kuchomelea mahali pua inapoungana na bodi. Ufa hapo, funga mkoba uondoke.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakifika miaka mitano au sita yabadilishwe hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu, maana tairi la trela huzeeka kwa kukaa juani kabla halijaisha kwa kutembea. Likiwa limelika upande wa ndani tu, shuku ekseli iliyopinda.

Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe na kusikiliza, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza au likikwaruza, beringi zinadai. Hata zikiwa safi, ukilinunua zifungue upake grisi mpya, na uifanye kazi hiyo kila mwaka. Uliza pia aina ya ekseli. Zile zenye mpira ndani hupanda mashimo taratibu kuliko springi za bapa, ila mpira ukishachoka unabadilisha ekseli nzima, na trela lazima lisimame sawa kama meza; likiinua pua, ekseli ya nyuma inabeba mzigo wa mwenzake.

Breki zijaribiwe mara mbili. Kwanza endesha kilomita 40 kwa saa mahali patupu, bonyeza breki ya trela peke yake. Uhisi ikikuvuta mgongo bila gari kuelekea upande. Pili, chomoa pini ya breki ya dharura, ile inayobana trela likichomoka gari, ujaribu kusogea. Magurudumu yasipogoma, betri yake imekufa au waya wa ethi umeoza. Irudishe pini haraka, isimalize betri. Minyororo ya usalama ipishane chini ya pua kama herufi X, ili pua ikianguka idakwe isichimbe lami. Na ukubwa wa gololi ulingane na kikombe cha trela: gololi ya inchi 2 ndani ya kikombe cha inchi 2 na 5/16 hufunga vizuri ukiwa umesimama, kisha inaruka kwenye tuta la kwanza.

MwendoWaKwato

Moja la mwisho. Siku ambazo dume habebwi na wanabaki watatu, nafasi tupu iwe wapi?

BanioLaZizi

Nyuma. Jike mmoja kizimba cha kwanza, kijana cha pili, jike mwingine cha tatu, cha nne wazi. Ukiacha tupu mbele, uzito wa puani unashuka na mkia unaanza kutikisika. Kwenye trela la farasi wawili kwa kunyooka, ukibeba mmoja, akae upande ulio karibu na katikati ya barabara, kwa kuwa barabara nyingi zinainama kuelekea ukingoni.

Kupakia: funga kizuizi cha nyuma kwanza, ndipo ufunge kamba ya kichwa. Kushusha ni kinyume chake, kamba kwanza, kizuizi baadaye. Farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma pakiwa wazi atarudi kinyumenyume, kamba itamkaba, atavuta kwa uzito wake wote, na hapo aidha hatamu inakatika anaanguka chali kwenye rampu, au haikatiki. Kamba ipite kwenye kitanzi cha uzi wa robota, si kwenye pete ya chuma moja kwa moja, na kisu kikali kikae mahali mkono unapafikia bila kuingia kizimbani.