Kliki na alama za retikuli hazilingani: nimekosea wapi?

MwindajiRukwa

Wakuu, shikamooni. Ninajiandaa kwa msimu wa uwindaji unaofunguliwa Julai, na bunduki yangu ya kaliba .308, ambayo ina kibali halali, nimeifunga darubini mpya inayokuza mara 3 hadi 12. Jana nilikuwa uwanja wa shabaha, umbali wa mita 100, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga na ukuzaji ukiwa mara 6. Risasi tatu za kwanza zilipiga kwa kukaribiana, lakini chini ya nilipolenga kwa alama moja na nusu za retikuli, yaani mistari ya kulengea inayoonekana ndani ya darubini, ambayo kitabu chake kinasema imegawanywa kwa miliradiani, kipimo cha pembe. Kwa kuwa miliradiani moja kwa mita 100 ni sentimita 10, nilihesabu sentimita 15, nikazungusha kitasa cha juu cha darubini, kinachopandisha au kushusha mapigo, kliki 15, yaani hatua 15 ndogo za kitasa. Risasi tatu zilizofuata zilipanda kidogo tu, na nilipozipima kwa rula nikakuta bado ziko sentimita 19 chini. Juu ya kitasa pameandikwa ¼ MOA. Je, darubini ni mbovu? Sitaki kuingia porini na silaha itakayomjeruhi mnyama akakimbia na maumivu.

FundiMtutu

Marahaba. Darubini yako haina dalili ya ubovu, kwani hesabu yenyewe inaitetea. Yapo makosa mawili yaliyopandana.

La kwanza ni la ukuzaji. Katika darubini nyingi za aina hiyo, retikuli hukaa nyuma ya lenzi za kukuza, kwa hiyo picha inapokua au kupungua, alama hubaki na ukubwa uleule machoni. Alama hizo huwa sahihi katika ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Ulipotazama kwa mara 6, yaani nusu ya 12, kila alama ilifunika maradufu, na ile moja na nusu ilikuwa miliradiani 3, sawa na sentimita 30.

La pili ni la kitasa, ambacho hakihesabu miliradiani bali dakika za pembe, ndiyo MOA uliyoisoma; dakika moja ni digrii moja iliyogawanywa mara 60. Kwa mita 100 dakika moja ni milimita 29, na robo yake ni milimita 7.3, hivyo kliki zako 15 zilipandisha risasi sentimita 11. Toa 11 katika 30, unabaki na 19, ileile iliyosomwa na rula yako. Ongeza kliki 26, na tangu sasa pima pengo kwa rula kwenye karatasi, usilikisie kwa retikuli.

MzeeTimazi

Naafiki hesabu hiyo, ila kijana asiishie hapo. Ning'iniza timazi mbele ya shabaha, chora mstari kwa kuifuata, kisha hakikisha mstari wa wima wa retikuli unalala juu yake. Lenga nukta ya chini na upige, zungusha kliki 80 kwenda juu, lenga nukta ileile na upige tena. Risasi inapaswa kupanda sentimita 58 bila kuuacha mstari. Retikuli ikiinama nyuzi 3 tu, katika mpando huo risasi itahama pembeni karibu sentimita 3. Mwishowe rudisha kliki zote 80, na risasi irudi kwenye tundu la kwanza. Isiporudi, hapo ndipo ushuku darubini.

MwindajiRukwa

Nawashukuru sana. Kliki 26 zimeleta risasi kwenye nukta. Katika jaribio la timazi risasi ilipanda sentimita 58 na ikarudi vizuri, lakini ilipokuwa juu ilihama sentimita 2 kulia. Nitalegeza ringi zinazoishika darubini kwenye bunduki niinyooshe.

FundiMtutu

Ukishalegeza ringi, marekebisho ya jana yamefutika. Kaza skrubu kwa zamu, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, kisha anza upya kwa mita 25, ambapo kliki moja husogeza risasi chini ya milimita 2, ndipo urudi mita 100. Uache mtutu upoe kati ya kundi na kundi, kwa sababu porini risasi yako ya kwanza itatoka katika mtutu wa baridi.