Dirhamu za Baghdad zilifikaje Sweden?

Kijana_wa_Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Binamu yangu anasoma Sweden, amenitumia picha kutoka makumbusho ya Visby, kisiwa cha Gotland. Ni rundo la sarafu za fedha zenye maandishi ya Kiarabu, na anasema ni mali ya enzi za Wavikingi. Hawa si ndio waliokuwa wakivamia nyumba za watawa Uingereza? Sarafu za Waislamu ziliwafikiaje, kwa wizi au kwa biashara? Na mbona nyingine zimekatwa vipande?

Sonara_MjiWaKale:
Umeuliza la maana, mwanangu. Mimi ni sonara hapa Mombasa na habari hii naipenda mno, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Rundo hilo huenda ni la Spillings, lililofukuliwa mwaka 1999 kwenye shamba moja huko huko Gotland. Kilo 67 za fedha! Sarafu zaidi ya 14,000 na bangili karibu 500, zilizofukiwa mnamo 870 au baadaye kidogo. Sarafu karibu zote ni dirhamu, yaani sarafu ya fedha ya nchi za Waislamu. Dirhamu haina sura ya mfalme, ina maandishi ya Kikufi tu, mwandiko wa kale wa Kiarabu, na humo umetajwa mji ilikogongwa pamoja na mwaka wa Hijria. Ndiyo maana leo tunaweza kusema hii ni ya Baghdad, ile ya Samarkand, na ile ya Shash, yaani Tashkent ya sasa.

Nyingi zilikwenda kwa biashara. Watu wa kaskazini walishuka mito ya Urusi, hasa Volga, na ngozi za manyoya, nta, asali, kaharabu, panga na watumwa. Hilo la watumwa tusilifiche, maana sehemu kubwa ya fedha ile ni bei ya binadamu. Soko kubwa lilikuwa Bulghar, mji wa kando ya Volga, na katika safari ya huko ndipo Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa aliyeondoka Baghdad mwaka 921, alipowaona. Anasimulia mfanyabiashara akisujudu mbele ya sanamu la mti, akiomba aletewe mnunuzi mwenye dinari na dirhamu tele, asiyebishana bei. Mwenye duka yeyote anaijua dua hiyo! Tena anasema mume akifikisha dirhamu 10,000 humvisha mkewe mkufu mmoja, zikifika 20,000 humvisha wa pili. Piga hesabu kwa dirhamu ya gramu 2.97: mkufu mmoja ni tangazo la karibu kilo 30 za fedha.

Sasa vipande. Kule sarafu ilipimwa kwa uzito, haikuhesabiwa. Mzigo ukiwa wa bei ndogo kuliko dirhamu nzima, mtu anakata. Bangili nayo inakatwa vilevile. Mfanyabiashara alitembea na mizani ndogo ya kukunja yenye visahani viwili, na mawe yake ya chuma yaliyovikwa shaba.

Mwambie binamu yako akuze picha aangalie ukingo wa sarafu. Ataona vijikato na alama za ncha ya kisu. Hapo mtu alikuwa anajaribu. Fedha safi ni laini, kisu kinaingia na ndani ni nyeupe ile ile. Ikiwa ni shaba iliyovikwa fedha, wekundu unajitokeza hapo hapo. Mimi nasugua kwenye jiwe nikaweka tone la asidi, lakini shaka ni ile ile.

BintiPemba:
Shikamoo mzee. Na huku kwetu Mtambwe Mkuu je? Mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri.

Sonara_MjiWaKale:
Marahaba binti yangu, umenifurahisha. Zile ni za karne ya 11, vijisarafu vyepesi sana, na tofauti yake ni kubwa: zina majina ya watawala wa pwani yetu, kama Ali bin al-Hasan. Sisi tulikuwa tunagonga zetu kwa Kiarabu, wao kwa muda mrefu waliishi kwa fedha ya wageni.

Kijana_wa_Tanga:
Shukrani sana mzee. Kwa hiyo Wavikingi hawakuwahi kuwa na sarafu zao?

Sonara_MjiWaKale:
Walikuwa nazo. Hedeby, kusini mwa Denmark ya wakati ule, waligonga chache tangu karne ya 9. Lakini wafalme walianza kugonga zao hasa mnamo 995, Olof Skötkonung, mfalme wa Sweden, akiwa mjini Sigtuna, kwa kuiga peni za Kiingereza. Wakati huo dirhamu zilikuwa zimeadimika, na fedha ilitoka Ujerumani, kwenye machimbo ya karibu na Goslar, na Uingereza, ambako Mfalme Æthelred alikuwa akiwalipa wavamizi waondoke. Mwaka 991 peke yake alitoa pauni 10,000. Leo peni zake zimeokotwa nyingi zaidi Skandinavia kuliko Uingereza kwenyewe. Kwa hiyo lile swali lako la wizi au biashara: za Baghdad na Samarkand nyingi ni biashara, hizi za Æthelred nyingi ni za kutishia watu.

Binamu akipata nafasi, atafute humo makumbusho dirhamu moja ya Wakhazari, dola iliyokuwa kaskazini mwa Bahari ya Kaspi, ya 837/838. Mahali pa jina la Mtume Muhammad wameandika Musa Rasulullah, kwa kuwa watawala wao walifuata dini ya Kiyahudi. Akiipata, naomba picha ya pande zote mbili.