Tupeane uzoefu: alstromeria majani tele, ua hakuna

Jembe Butu: Wakuu, kuna vyungu vya alstromeria, yale maua ya kufungia mashada, vinauzwa kando ya barabara, majani mpaka kiunoni, ua hata la dawa hakuna, halafu mnunuzi anaambiwa "ongeza mbolea tu". Tusidanganyane. Kinachoamua ua ni joto la udongo. Lile shina linalotambaa chini ndilo linalosikia baridi. Udongo ukizidi nyuzi 20 hivi kwa majuma kadhaa, linatoa vijiti vya majani peke yake. Samadi mbichi na urea zinazidisha majani. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 7, zisiguse mashina, na utafute mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Baridi ya Lushoto: Umemaliza. Huku juu inachanua bila kubembelezwa.

Pwani Raha: Na sisi wa Tanga mjini je?

Baridi ya Lushoto: Pandeni asumini 😂

Mama Vyungu: Msimkatishe tamaa. Chungu kipana cha udongo wa kuchoma, lita 20 au zaidi, kinapoa kwa kutoa jasho. Ndoo nyeusi ya plastiki inachemsha mizizi. Ila ukweli usemwe, Pwani maua yatakuwa ya kuhesabu.

Kisu Kikali: La muhimu: ua likishafunguka, kata kwa mkasi safi juu kidogo ya ardhi.

Jembe Butu: Hapana! Alstromeria haikatwi, inang'olewa. Shika shina chini kabisa, lizungushe kidogo, livute ghafla kwa upande. Likitoka na kipande cheupe chini, umepatia, na shina la ardhini linaamka kutoa chipukizi jipya. Kisiki ulichoacha kinakaa pale kinaoza.

Kisu Kikali: Mche wa miezi mitatu ukiuvuta hivyo unakuja nao wote mkononi.

Jembe Butu: Hapo sibishi. Mwaka wa kwanza kata. Ukishashika ardhi, vuta. Na vile vijiti vyembamba visivyo na ua vipunguze, usizidi theluthi kwa mara moja.

Mjukuu wa Bustani: Mnabishana mkasi, hakuna aliyetaja utomvu! Shina likikatika linatoa maji yenye tulipalini, kemikali inayowasha ngozi, ileile ya maua ya tulipu. Ukishika mashina mengi kila siku bila glovu, ncha za vidole zinakauka, zinawasha, kisha zinapasuka kama kisigino cha kiangazi. Ngozi ikishaukataa utomvu huo, hata shina moja linaamsha muwasho. Wafungaji wa maua mashambani wanalijua hilo. Na glovu nyembamba za vinili, yaani plastiki laini, utomvu unazipenya, tafuta za nitrili, aina ya mpira wa bandia.

Mama Vyungu: Mungu wangu, na watu wanafunga mashada mikono mitupu!

Pwani Raha: Asumini imeanza kuonekana nzuri.

Kisu Kikali: Twende kwenye kugawa kichaka, huko ndiko wengi wanaua mmea. Kila baada ya miaka mitatu hivi kichaka kinajibana. Punguza majani, chimba mbali na shina, sentimita 30 kwenda chini, unyanyue bonge zima. Usitikise. Mizizi yake minene imejaa akiba ya chakula na inavunjika kama muhogo mbichi. Kila kipande kibaki na ncha inayokua na mizizi minene kadhaa. Panda mara moja, nafasi sentimita 45, mwagilia, kisha uache udongo ukaukie juu. Ukiulowesha kila siku mizizi inaoza.

Baridi ya Lushoto: Kina je? Wengine wanasema sentimita 20.

Jembe Butu: Hiyo ni ya Uingereza, wanakwepa barafu. Wa chungu upande usawa uleule uliokuwa nao.

Mjukuu wa Bustani: Majani yenye mistari ya njano yaliyofifia msiyahurumie. Hicho ni kirusi, vidukari ndio wasambazaji. Ng'oa bonge lote, choma, usigawie jirani.

Mama Vyungu: Na majani kujipindua juu chini?

Jembe Butu: Hayo ndiyo maumbile yake, mama. Usipulizie dawa.